Kitabu cha Betri na Vitufe vya Jiwe

Jemimah wa Tabaka ana vidole visivyo na alama. Usinibishie, uliza watu. Siku moja kulikuwa na uandikishaji pale sokoni, karani akamwambia aweke kidole gumba kwenye kioo kidogo cha mashine. Akaweka, mashine ikakataa. Akakipangusa kwa leso, akaweka tena, ikakataa. Wakajaribu vidole vyote kumi, karani akaanza kumtazama kama mtu aliyekuja na vidole vya kuazima, mpaka mzee mmoja kwenye foleni akamweleza kwamba huyo ni mama wa msasa, na mama wa msasa haulizwi alama, alama zake zimeshasafiri na twiga wa jiwe wanaonunuliwa na watalii.

Hiyo ndiyo kazi yake. Wanaume wa Tabaka, huko Kisii, huchonga yale mawe laini ya kwao, mawe ya sabuni, kwa panga, kisu na patasi. Wanawake huketi bandani wakizunguka makarai ya maji, wakisugua kwa msasa kila kilichochongwa mpaka king'ae. Ochoki, mume wake, anachonga. Yeye anasugua. Miaka ishirini na miwili mikono yake imeshinda majini, na miaka hiyo yote aliyeketi upande wa pili wa karai lake ni mtu mmoja tu, Celestine, ambaye bandani huitwa Mama Abner kwa jina la kifungua mimba wake, kama yeye anavyoitwa Mama Joyline.

Celestine hajui kusoma. Mengine yote anayajua: jiwe gani litapasuka ukiligeuza vibaya, nani kagombana na mumewe, mvua itanyesha saa ngapi. Ila yeye na herufi hawajawahi kusalimiana. Basi tangu zamani, ifikapo saa saba, wanawake wakishakausha mikono na kufunua ndizi zao za kuchemsha, Jemimah alikuwa akichukua kitabu na kuwasomea. Alisoma kwa sauti za watu wote, mjane kwa yake, askari kwa yake, na Celestine alisikiliza amefumba macho huku akibishana na kila asiyempenda humo ndani. Mwaka jana walikuwa kwenye riwaya moja nene ya mjane anayegombania nyumba na shemeji yake. Sura ya saba, mambo yamechacha kwelikweli, macho ya Jemimah yakaamua kustaafu bila kutoa notisi. Miwani ikaongezwa unene, wapi. Herufi zikawa mchwa. Wasichana wa bandani wakajaribu kusoma mahali pake, lakini walisoma kama wanaotangaza majina ya waliofeli, na Celestine akasema heri njaa ya hadithi kuliko kulishwa namna hiyo.

Ingekaa hivyo hadi leo, kama si kifua. Vumbi la jiwe halina urafiki, na Celestine alikuwa amelivuta muda mrefu. Daktari akamwambia aache banda. Mwanawe Abner, mkulima wa chai huko Magwagwa upande wa Nyamira, akasema atakuja kumchukua Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mapema, kabla jua halijatua na Sabato ya Jumamosi kuingia, akaishi naye penye hewa safi. Celestine aliitangaza habari hiyo kama anayetangaza bei ya nyanya. Kisha, wakiwa wanasugua bakuli moja, yeye ndani na Jemimah nje, akasema taratibu, "Kwa hiyo, Mama Joyline, yule mjane sitajua kama alipata nyumba yake."

Jemimah alimaliza bakuli, akaliweka juani, akaenda nyuma ya banda akalia kidogo. Alimpenda Celestine na hakuwahi kumwambia, maana watu wa karai moja hawaambiani vitu vya namna hiyo. Aliporudi alikuwa ameshaapa moyoni kwamba kitabu kile kitakwisha kabla ya Ijumaa hiyo. Zilikuwa zimebaki wiki nne. Angekisoma kwa macho yapi, hilo aliwaachia Mungu na Joyline.

Joyline ni binti yake, mwalimu Kisii mjini. Alimwambia mama yake kwamba siku hizi kuna vifaa vya kusomea vitabu, kimoja kinabeba maktaba nzima, na herufi zake unazikuza mpaka ziwe kama maharagwe. Jumapili wakaenda dukani kwa Sabir, anayeuza vifaa vilivyokwisha kutumika. Sabir ni kijana wa mjini, babu yake ndiye aliyekuja Kisii na majora ya nguo, na ulimi wa kuuza aliurithi mzima.

Sabir akaweka mezani kifaa cha kwanza, chembamba, kioo kitupu kutoka ukingo hadi ukingo. Akasema hiki ndicho cha kisasa, hakina hata kitufe kimoja, unagusa tu kurasa zinafunguka. Jemimah akagusa. Kimya. Akagusa kwa nguvu, kama anayegonga mlango wa mdeni. Kimya. Kidole kilichosuguliwa miaka ishirini na miwili kimekauka kama gamba la mti, kioo hakikumtambua kama binadamu. Akalamba kidole, kama afanyavyo akifungua Biblia, akagusa tena, na kitabu kikaruka kurasa kumi na moja. Sabir akacheka mpaka akashika meza.

Ndipo akatoa cha pili, cha zamani kidogo. Hicho kilikuwa na ukingo mpana upande mmoja, mahali pa kushikia, na juu ya ukingo huo vitufe viwili virefu, kimoja cha kwenda mbele, kimoja cha kurudi nyuma. Ukiminya kitufe bila kukiachia, kurasa zinakimbia zenyewe. Jemimah akakishika kwa mkono wa kulia, akakunja uso, kwa sababu gumba lake la kulia limevimba kwenye kiungo tangu mwaka juzi. Sabir akamwambia akigeuze juu chini. Akakigeuza, na maandishi nayo yakageuka yakasimama wima, vitufe sasa viko kushoto. Nusura akiangushe. Sabir bado alimsihi achukue cha kisasa, akamkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Jemimah akamjibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye ndiye atakayelala na hiki. Joyline akalipa. Riwaya ya mjane ikaingizwa humo, na tangu siku hiyo kifaa kikaitwa kitabu cha betri.

Jumatatu saa saba banda lote lilijaa. Herufi zilikuwa kama maharagwe kweli, na Jemimah alisoma ukurasa wa kwanza kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Shida ilikuwa kwenda ukurasa wa pili. Vile vitufe vilikuwa vyembamba kama kucha, tena vimelala sawasawa na ukingo. Gumba lake halikuweza kuvipapasa. Alibonyeza ukingo, alibonyeza pembe, aliminya kila mahali isipokuwa panapotakiwa, na alipokipata kitufe kilikuwa kigumu na kingo zake zinakata. Shida nyingine ilikuwa kiganja, maana kioo cha hiki nacho kilikuwa cha kuguswa. Vidole vyake kioo hakikuvijua, lakini ile nyama laini ya chini ya kidole gumba, isiyoguswa na msasa, kioo kiliipenda mno. Kila akikishika vizuri, kiganja kinagusa kioo, kurasa zinaruka zenyewe.

Katika wiki ya pili shemeji alifariki. Wanawake walishangilia, Celestine akasema kaburi lichimbwe refu. Jemimah akasoma mazishi yote kwa sauti ya kanisani, akajisogeza kwenye kigoda, kiganja kikateleza, akaendelea kusoma bila kujua, "Shemeji akaketi kitini, akaomba chai."

Celestine akafumbua macho. "Si tumemzika sasa hivi?"

Walibishana saa nzima. Wengine walisema ni mzimu, mmoja akasema alijua tangu mwanzo kwamba mtu yule hakufa, na mpaka Jemimah anapata ukurasa wa mazishi tena, kengele ya kazi ilikuwa imelia. Wiki mbili zikaenda hivyo. Sura moja na nusu. Celestine hakulalamika, ila alianza kuhesabu siku kwa vijiwe alivyovipanga ukingoni mwa karai, na kila asubuhi alikiondoa kimoja.

Sasa ingia Ochoki. Mwanamume huyu anampenda mkewe, hilo hatulikatai, lakini kwake yeye duniani hakuna tatizo lisilotibika kwa jiwe. Alipomwona mkewe anahangaika, akatoweka karakanani siku mbili, akarudi amebeba fremu ya jiwe la waridi ya kuwekea kitabu cha betri, ina mahali pa kiganja ili kisiguse kioo, na kwenye pembe nne amechonga twiga wanne. Ilikuwa kazi nzuri, acha niseme ukweli. Jemimah akaipakata, akakiweka kifaa ndani. Kitu ambacho Sabir alikisifia kwamba ni chepesi kama kipande cha mkate sasa kilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia. Alisoma kurasa tatu, mapaja yakafa ganzi, ikabidi wasichana wawili wamsaidie kusimama. Ochoki akanuna. Akasema ni mapaja ndiyo hayajazoea.

Celestine ndiye aliyemwondolea hasira. Alimwita karibu na karai, akamwambia fremu yake ni kubwa kwa sababu ametazama kifaa chote, na kifaa chote hakina kosa, kosa liko penye gumba. Ochoki akauomba mkono wa mkewe. Watu waliooana miaka thelathini na minne, na ndiyo kwanza anakishika kidole kile na kukitazama kama anavyotazama jiwe kabla hajalikata, kimejikunja wapi, kimevimba wapi, kinachoka upande upi. Jemimah aliona haya, akajifanya anatazama kuku.

Kesho yake Ochoki akaja na vijiwe viwili. Cha waridi kilikuwa kimevimba kama punje ya haragwe. Cheupe kilikuwa bapa, na katikati kina bonde dogo. Akavibandika juu ya vitufe kwa unga wa jiwe uliokorogwa na gundi, dawa ile ile wanayoungia shingo za twiga zilizovunjika. Cha waridi mbele, cheupe nyuma. Jemimah akafumba macho, akapapasa, gumba likaenda moja kwa moja. Kidole kisichoijua plastiki kinalijua jiwe, hata gizani kingelijua. Kitufe nacho kilikuwa kimelainika, kwa kuwa jiwe lilikibonyeza chote kwa pamoja. Jemimah alisema asante mara moja tu, lakini Ochoki alitembea siku nzima kifua mbele.

Palibaki kasoro moja. Gundi ilikuwa imefurika pembeni mwa cha waridi, ikaacha ukwaruzo kidogo. Kitu kidogo kabisa. Na ukwaruzo ni kitu ambacho mama wa msasa hawezi kukiacha, ni kama kumwambia mama mwenye nyumba asiokote kijiti sebuleni. Alhamisi mchana, akimsikiliza Celestine akieleza habari za harusi fulani, Jemimah akachukua kipande cha msasa mwembamba kuliko yote, akaanza kusugua. Akasugua kwa mzunguko, polepole, vizuri. Ukwaruzo ukaondoka. Kisha mkono wake, ambao kwa miaka ishirini na miwili ukishasugua hufanya jambo moja tu, ukafanya jambo hilo hilo. Ukakichovya kitabu cha betri ndani ya karai, ukakisuuza mbele, ukakisuuza nyuma, ukakitoa na kukikung'uta.

Maji meupe ya vumbi la jiwe yalidondoka kutoka kila pembe. Jemimah alikitazama, akautazama mkono wake kama mtu anayemtazama mwizi aliyemlea mwenyewe, halafu akakaa chini matopeni akalia waziwazi, mbele ya watu wote. Kwenye ukingo wa karai vilikuwa vimebaki vijiwe tisa vya Celestine.

Joyline akampigia Sabir simu. Sabir alipomaliza kucheka akasema wakizime, wakifute, wakifukie ndani ya mchele mkavu siku tatu, na wasikiwashe kwa tamaa. Nyumbani kwa Ochoki hapakuwa na mchele wa kujaza chungu, palikuwa na wimbi. Kikazikwa kwenye wimbi. Jemimah hakukiangalia Ijumaa. Sabato alikwenda kanisani, na wakati wa maombi ya kimya aliomba jambo ambalo hakumwambia mchungaji, maana hakujua kama kuna fungu la kuombea betri. Jumapili jioni akakifukua, akapuliza punje za wimbi, akabonyeza kitufe cha kuwashia.

Kikawaka. Kikafunguka pale pale walipokuwa wameishia, penye kaburi la shemeji.

Joyline akakijaribu. Akagusa kioo, kimya. Akagusa pembe, katikati, kwa kidole kimoja, kwa vitano. Kimya kabisa. Akasema kwa huzuni kwamba kifaa kimepona nusu, kioo kimekufa hisi, hakitaguswa tena, na bila kugusa huwezi kutoka kwenye kitabu hiki kwenda kingine. Kilichobaki ni vitufe peke yake, mbele na nyuma. Jemimah akamnyang'anya. Akakishika kwa mkono wa kushoto, akakilalia kwa kiganja chote, kwa raha zake, kama mtu anayeshika mtoto aliyezoeana naye. Ukurasa ulitulia. Akabonyeza jiwe la waridi, ukaja wa pili. Akabonyeza tena, ukaja wa tatu.

"Mama, hakiwezi kufungua vitabu vingine," Joyline akarudia.

"Nani ameviomba?" Jemimah akasema.

Jumatatu alianza kusoma hata ndizi hazijafunuliwa. Zilibaki sura sita na siku tano, akasoma mpaka koo likakauka, Ochoki akamletea maji na kujifanya anapita tu. Hakuna ukurasa ulioruka. Shemeji alikaa kaburini kwa adabu. Wakili alikuja, mihuri ya uwongo ikafichuka, Celestine akatukana ndani ya hadithi na nje ya hadithi, akikohoa na kucheka, na kila asubuhi akaondoa kijiwe chake kimoja. Mwenye banda alikuja mara moja kuuliza mbona kazi imelala, naye akaambiwa aketi. Akaketi.

Ijumaa saa sita gari la Abner lilikuwa mlangoni likinguruma, limebeba kitanda cha mama yake, masanduku mawili na kuku ndani ya tenga. Abner aliingia kumsalimia kila mtu, kisha akasimama pembeni kwa heshima, kwa sababu alikuta wanawake wote wamekaa kimya na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Jemimah alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho kasoro mmoja. Alipofika chini akakiweka kifaa mapajani mwa Celestine.

"Bonyeza la waridi, Mama Abner."

Celestine akapangusa gumba kwenye gauni, akapangusa tena. Katika umri wake wote hakuwahi kufungua ukurasa, hata wa Biblia, hata wa daftari la mtoto, alijiona hana ruhusa. Gumba lake lilikuwa kama la Jemimah, limelika hivyo hivyo, na lilipolipata lile haragwe la jiwe lilisimama hapo kidogo kama linaloliamkia. Akabonyeza. Ukurasa ukaja. Jemimah akainama begani pake akausoma: mjane alipewa ufunguo, akafungua, ndani hakukuwa na hata kiti, akaketi sakafuni katikati ya nyumba yake mpaka jua likamfikia kupitia mlangoni.

Banda zima likapumua. Mtu mmoja akajipangusa macho kwa pembe ya leso, akasingizia vumbi. Abner akasogea kuchukua kikapu cha mama yake.

Celestine hakuinuka. Alikuwa akipapasa lile jiwe jingine, bapa, lenye bonde. "Na hili jeupe?"

"Hilo ni la kurudi."

Akalibonyeza. Kisha akaliminya bila kuachia, kurasa zikaanza kukimbia nyuma mbele ya macho yake yasiyozisoma, sakafu, ufunguo, mihuri, wakili, kaburi, akaminya tu, mpaka akaridhika mwenyewe na kuachia.

"Hapa ni wapi?"

Jemimah akainama, akatazama. "Hapa shemeji hajafa bado."

"Anzia hapo," Celestine akasema, akafumba macho.

Abner akalitazama jua, akaenda kuzima gari. Jemimah akasogeza miwani, akaanza, na shemeji akaketi kitini, akaomba chai.